Mal-sun Hakuinama, Wala Hakuondoka

Msiniulize kama Mal-sun alikuwa mtakatifu. Tulipakana sokoni Dalgol, mimi Chun-ja na tofu yangu, yeye na masufuria yake ya supu ya kichwa cha nguruwe, na nawaambieni alikuwa mbishi, mkali wa mdomo, na nyimbo zake za asubuhi zilinitamanisha kumtupia ndoo ya maji. Mimi si mtu wa kanisa. Lakini nimechoka kusikia watu wakimsema ovyo, kanisani na sokoni, basi leo acha niseme mimi.

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, alikwenda maombi. Alipokuwa bado mke kijana, mama mkwe alimfungia nje kwa ajili ya kanisa hilo; akalala kwenye banda la mkaa, kulipokucha akaenda tena. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: asimamishwe mbele ya waumini aitwe Kwonsa, cheo kinachopita ushemasi aliokuwa nao, wanachopewa akina mama waliokomaa katika imani. Sokoni sote tulimwita Mama Vichwa. Aliitika, ila hakulipenda jina lile. Mwisho wake kanisa likampigia kura, akapita, ikabaki siku ya kusimamishwa tu.

Balaa ni kwamba mwaka huohuo wenye ardhi waliamua soko libomolewe wajenge maghorofa. Mwenyekiti wao alikuwa Pyo, mzee wa kanisa lilelile. Fidia waliyotuahidi sisi wapangaji ilitosha kununulia mwavuli. Tukakubaliana kukaa chini, hatutoki. Na kwetu jambo zito halianzwi hivihivi. Unaweka kichwa cha nguruwe mezani, unamwaga pombe ya mchele, unainama. Kichwa lazima kiwe kinacheka, kikinuna, mkosi. Na katika soko zima, aliyejua kukichemsha kikatoka kinacheka alikuwa Mal-sun.

"Dada, tuchemshie," nikamwambia.

"Kikubwa au cha kadiri?" Hakuuliza lingine.

Habari zilifika kanisani maji hayajachemka. Mzee Pyo akaja na suti yake, akasimama nje asije akanuka supu.

"Shemasi Mal-sun, hicho ni chakula cha sanamu."

"Ni nyama, Mzee. Juzi umekula bakuli mbili."

"Usinifanyie mzaha! Ukiungana na watu hawa, cheo usahau. Wewe kaa uombe, mengine mwachie Mungu."

"Nimeomba, ndiyo maana niko hapa," akasema huku akigeuza kichwa sufuriani. "Kristo ameniweka huru, Mzee. Leo nikuombe wewe ruhusa ya kuchemsha nguruwe?"

Pyo akaondoka amevimba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini kicheko chenyewe hakikudumu.

Siku ya tambiko kichwa kilikuwa mezani, kinacheka vizuri kabisa. Sote tukainama mpaka chini. Mal-sun akabaki wima kama nguzo ya umeme.

"Inama wewe mama, unatuletea mkosi!" akafoka Bwana Gu, muuza samaki. Mwingine nyuma akadakia, "Mpelelezi wa Pyo huyo!"

Nilipandwa na hasira, nikamvuta sketi. "Dada, inama kidogo tu. Utapungukiwa nini?"

"Simwinamii nguruwe, na Pyo naye simwinamii," akasema. "Lakini nitakaa nanyi. Mkinifukuza nitarudi."

Basi ikawa hivyo. Kanisani wanampita bila salamu, sokoni wanampita bila salamu, supu inamchachia sufuriani. Jamani, ni uhuru gani huo wa kununiwa na kila mtu? Nilimuuliza. Akasema amechoka, akaendelea kukata vitunguu.

Jumamosi mchungaji akamjia, mtu mpole lakini mwoga. "Kesho saa tano njoo usimame na wenzako, nitalisoma jina lako. Nimeshamtuliza Mzee Pyo. Ila usionekane tena kwenye mgomo huu." Mimi nilimwambia aende. Mtu kaomba maisha yake yote, aache?

Jumapili akapita kwetu na hanbok nyeupe, vazi letu la sherehe aliloshonewa na bintiye, hanuki nguruwe hata kidogo. Sisi tumeketi kwenye maboksi, matope kila mahali. Hajafika mwisho wa uchochoro, tingatinga likaingia, nyuma yake vijana wa kukodiwa na marungu yao. Walichagua saa ya ibada makusudi, nusu ya soko iko kanisani. Mal-sun akatazama njia ya kanisani. Akatutazama sisi. Kisha akarudi, akaketi kwenye matope kati yangu na Bwana Gu. Gu akamsogezea boksi lake.

Dereva akamwona mama wa watu na nguo yake nyeupe chini ya chuma, akazima mashine. Siku ile waliondoka. Baadaye walirudi, na soko leo halipo, msinifanye nieleze.

Mchana waumini wakawa wanatoka ibadani. Muuza mboga mmoja akatusimulia: mchungaji alisoma jina la Mal-sun, akangoja, hakusimama mtu, akasoma la mwenzake.

"Pole, Mama Kwonsa," nikamwambia, eti namtania.

Akaangua kilio, mdomo wazi, mbele za watu wote.

"Nilikitaka cheo kile, Chun-ja," akasema. "Msidhani sikukitaka. Nilikitaka sana."