Mlima Huchaguliwa na wa Kati

Waliokuwepo nyumbani kwangu Ibra, hapa Omani, Ijumaa ile ni hawa: Khalfan na Salma, watoto wa mwanangu wa kiume, Khalfan mkubwa na dada yake anamfuatia, Raya, mtoto wa binti yangu, aliyekuja kutoka Nizwa anakosoma, na Shemsa, mke wa mwanangu, mama wa hao wawili wa mwanzo. Na mie, bibi yao wote. Nawataja kwanza ili ujue nani ni nani, maana mie jina nikilisikia mara moja halinitoki. Miwani naipoteza humu humu ndani, lakini majina ya watu yapo yote.

Tulikuwa tumeshakula. Samaki walitoka Sur asubuhi ile, Shemsa akawapaka nazi na ukwaju, wali ukaisha mpaka ukoko. Kahawa ikawa inazunguka, na watoto wamekusanyika kwenye simu moja kama kuku kwenye mtama. Wanachagua mlima wa theluji. Watakwenda kwa ndege, wakifika wakodi gari, wajiendeshe wenyewe mpaka huko juu, wavae zile mbao miguuni wateleze. Nilidhani mlima wa theluji ni mlima tu. Kumbe unachaguliwa kama kanga dukani, unageuzwa huku na huku.

"Bibi, kila njia ina rangi yake," Salma akanieleza. "Kijani ya wanaoanza, buluu na nyekundu za watu wa kati kama mimi, nyeusi ya mafundi."

Khalfan ndiye fundi. Alisoma nchi za baridi, akarudi na shahada na magoti yenye makovu. Yeye anautaka mlima mmoja mrefu wa Jojia, umejaa njia nyeusi. Raya hajavaa mbao hata siku moja. Anataka kilima kidogo kilicho karibu na mkahawa, apige picha. Salma alijifunza Dubai, ndani ya lile jumba la theluji ya kutengenezwa. Si mgeni, si fundi.

"Sasa wewe Salma huko Jojia utafanya nini?" Raya akamuuliza. "Utakaa chini na vikongwe mnywe chai?"

"Atashuka na mimi," Khalfan akajibu. "Mtu mzima anaogopa rangi!"

"Rangi siogopi, naogopa mguu wangu. Nina harusi mimi baada ya Idi. Unataka niingie kwa bwana harusi na gongo la kutembelea?"

Tukacheka sote, hata Shemsa aliyekuwa jikoni. Lakini Khalfan hakucheka. Akaiweka simu kwenye busati. "Khalas. Nyinyi nendeni mkacheze na watoto wachanga. Mimi siendi."

Vicheko vikakatika. Maana Khalfan peke yake ndiye aliyewahi kuendesha gari juu ya barafu. Asipokwenda yeye, hendi mtu. Na Salma akishaolewa anahamia Salala na mumewe. Hawa watatu wamekula sinia moja tangu hawajaota meno, na safari ya pamoja hawajawahi. Ikiwa si msimu huu wa baridi, basi tena.

Salma akainama, akawa anaizungusha pete yake kidoleni. Pale pale mie sikumwona Salma. Nilimwona Zuwena.

Nitakueleza Zuwena ni nani.

Kwetu Pemba, upande wa Wete, theluji hatukuijua, lakini kuteleza tulikujua. Pemba ni vilima vitupu. Na palikuwa na mipopoo, ile mirefu myembamba inayozaa popoo za kutafunia na tambuu. Jani la mpopoo likikauka huanguka pamoja na gamba lake, pana, gumu kwa nje, laini kwa ndani. Unalikalia gamba, unalikamata jani lake baina ya miguu, mwenzio anakusukuma mgongoni, basi, mengine ni ya Mungu.

Msimu wa karafuu ndio uliokuwa msimu wetu. Chuo cha Kurani kimefungwa, watu wazima wako juu ya mikarafuu, na dunia nzima inanuka karafuu: nguo, mikono, mpaka maji ya mtungini. Asubuhi kazi yetu watoto ni kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku, vidole vinakuwa vyeusi. Tukimaliza tunapewa mkate wa kumimina na chai ya maziwa, kisha tunakimbilia vilimani.

Tulikuwa watatu. Kaka yangu Nassor, Mungu amrehemu, ndiye mkubwa na ndiye fundi. Mie ndiye mdogo, na mwoga hasa. Na Zuwena, mtoto wa jirani yake bibi, wa kati kwa umri na wa kati kwa kuteleza. Vilima navyo vilikuwa vitatu. Kimoja nyuma ya jiko, hicho cha kitoto. Kimoja cha kisimani. Na kile kikubwa, ambacho kwa juu kina mawe na kwa chini kinaishia uani kwa bibi, mama yake baba, pale anapoanika karafuu.

Siku moja Nassor akatangaza kuwa vilima vidogo vimemchosha. Leo sote tunashuka kile kikubwa, na asiyeshuka si mwenzetu.

Mie nikaanza kulia mapema. Zuwena hakulia. Aliinama, akawa anafunga na kufungua pindo la kanga yake. Kusema hawezi anaona haya, kusema anaweza anajua si kweli.

"Natangulia nikuonesheni," Nassor akasema. "Mkiniona mtasema hamkuona kitu."

Na kweli hatukuona kitu, tuliona vumbi tu. Alishuka kama nazi iliyodondoka. Tulisikia "Aaah!" ya furaha, kisha "Aaah!" nyengine isiyokuwa ya furaha, kisha sauti ya bibi. Nassor alikuwa amekitazama kilima kwa juu, hakukumbuka kuwa kule chini majamvi yametandikwa. Aliingia katikati ya karafuu za siku nne za jua, akazibeba na jamvi lake mpaka kwenye banda la mbuzi.

Tuliposhuka kwa miguu tulimkuta bibi kasimama na upawa mkononi, na Nassor ana karafuu puani.

"Nassor! Jamvi langu ndilo godoro la baba yako?"

"Bibi, nimeteleza."

"Nimekuona. Na kuku wamekuona. Sasa okota."

Tuliokota sote, moja moja mchangani, mpaka migongo ikataka kukatika. Mbuzi nao wakatusaidia kwa kutafuna zilizobaki. Katika kule kuokota bibi akauliza nani aliyechagua kilima kile. Nassor akasema ni yeye, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye.

"Ndiyo maana," bibi akasema. "Fundi haoni hatari, mwoga haoni raha. Wa kati anaviona vyote viwili. Tangu leo kilima anachagua wa kati."

Akamnyooshea Zuwena upawa kama anayemtawaza.

Kesho yake tulimfuata Zuwena. Nassor amenuna, anapiga mawe teke njia nzima. Tukafika juu ya kilima cha kisimani, na Zuwena badala ya kukaa kwenye gamba akaanza kushuka kwa miguu, pole pole, mpaka chini kabisa, ndipo akageuka akakitazama kilima.

"Mbona unaanzia chini?" Nassor akampigia kelele.

"Juu napajua, ndipo mlipo," Zuwena akajibu. "Nataka kujua tunaishia wapi."

Akakipima kwa macho. Akaiona sehemu yenye mwinamo mkali, akasema hiyo ya Nassor. Akaona njia ya katikati yenye majani, akasema hiyo yake. Akaniona mie, akaniwekea mahala chini pale ambapo hata bata angeteleza asidhurike. Na njia zote tatu zilikutana pamoja, kwenye mchanga ulio kando ya kisima. Nassor alishuka mara moja, akatusubiri pale chini, akasahau kununa.

Tuliteleza mpaka jua likalegea. Bibi akaja na ndoo yake kutuita. Zuwena akamwambia, "Bibi, na wewe pana pako." Bibi akatazama kushoto, akatazama kulia, hapana mwanamume. Akajifunga kibwebwe, akakaa kwenye gamba, akasema bismillahi. Sijapata kusikia kicheko kama kile. Alifika kisimani bila mtandio, na la kwanza alilosema ni, "Asiambiwe babu yenu."

Siku ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuteleza sote. Mambo yakageuka, sisi tukahama, mwisho tukaja Omani. Zuwena alibaki. Hatukuagana, maana watoto hawaambiwi kwamba wanaondoka. Nassor amekufa, bibi amekufa. Zuwena sijui.

Basi Ijumaa ile nikawaeleza wajukuu zangu kama nilivyokueleza wewe, nikamalizia: "Achague Salma."

"Bibi, hiyo sheria ya Pemba," Khalfan akasema.

"Na wewe wa wapi? Wali ulioupigania saa hizi ulikuwa wa wapi?"

Akaisukumia simu kwa dada yake. Salma akaichukua simu, na nakuapia, akaanzia chini. Hakutazama kwanza kilele. Alitazama barabara inayotoka uwanja wa ndege, ina urefu gani, inafungwa theluji ikizidi au haifungwi, magurudumu yanataka minyororo au hayataki.

"Gari ya kukodi ni gari tu," Khalfan akasema.

"Kwenda mlimani Jabal Akhdhar tu hapa kwetu, kama gari yako haina nguvu magurudumu yote manne askari anakurudisha. Na pale hakuna hata barafu ya sharubati," Salma akamjibu.

Jojia akaiacha kwa sababu ya barabara yake. Akaja kusimama Bosnia, mlima ulio karibu na mji, njia ya gari fupi, nyama halali, na misikiti ipo. Njia za buluu na nyekundu tele. Pa Raya papo, chini, karibu na mkahawa. Na zote zinarudi kwenye uwanja mmoja.

Khalfan akatafuta kasoro. "Nyeusi mbona ni moja tu?"

"Na wewe si ni mmoja tu?" Raya akamjibu.

Hapo akacheka. Akasema minyororo ya magurudumu ataifunga yeye, mtu asimguse. Kisha akanigeukia, "Na bibi?"

"Papo," Salma akasema. "Nimeshapaona."

Ndivyo mie mwenye magoti haya nilivyokwenda Bosnia, nimevaa soksi juu ya soksi. Khalfan aliendesha kama amebeba mayai. Siku mbili nilikaa nyuma ya kioo, nikawatazama wakishuka kila mtu kwa rangi yake na kukutana chini wakipigana mabega. Kitu kimoja tu kilinihuzunisha. Wao hawapandi. Wanakaa kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, vinawapandisha kimya kimya, kila mtu na simu yake. Sisi tulipanda kwa miguu, gamba begani, mkono kwa mkono, na maneno yote tuliyasema katika kupanda. Kushuka kulikuwa kupiga kelele tu.

Siku ya tatu Salma akaja na kigari kidogo cha mbao kisichokuwa na magurudumu. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Wanaume walikuwepo, lakini hapana aliyenijua. Nikasema bismillahi.

Nilipofika chini nikiwa nacheka, mtandio uko shingoni, niligeuka kuangalia juu. Wajukuu walidhani namtafuta Salma.

Siku hizi husikia kuwa vilima vile vimejengwa nyumba, na mipopoo si mingi kama zamani. Huenda na mie nimechanganya. Huenda kisima kilikuwa upande wa pili, huenda wale hawakuwa mbuzi wa bibi bali wa jirani, huenda ndoo ilikuwa mtungi. Nawe uliyekuwa Wete miaka ile, nisahihishe, sitaona vibaya. Na ikiwa unayesomewa haya ni wewe Zuwena, nisahihishe wewe kwanza. Nisahihishe hata pale nilipopatia.