Majani Chini, Udongo Juu

Mwaka niliokuwa darasa la saba, katika kijiji chetu cha ujamaa nje kidogo ya Sumbawanga, niliacha kutoka kitandani. Sikufiwa, sikuchapwa, sikuwa na homa. Niliamka asubuhi moja nikaona hata kuvaa sketi ya shule ni kazi ya watu wawili. Wiki tatu zikapita hivyo. Mama alisema ni uvivu, shangazi akasema nimerogwa, na balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza, uso umekazwa kabisa, kama huo ni mgomo. Mwalimu mkuu naye akatuma neno: nisiporudi kabla ya mwisho wa mwezi, jina langu linatoka kwenye orodha ya mtihani.

Ndipo mwalimu wetu wa hesabu, mwanamke kijana mgeni kutoka Tanga, alipomwomba mama kipande cha shamba nyuma ya nyumba, mbele ya dirisha langu. Kila alasiri alikuja na jembe. Alinisalimu dirishani, nisipoitikia hakujali, akaendelea kulima.

Alilima vibaya mno! Sisi Wafipa tunalima ntumba: unalaza majani, unayafunika kwa udongo mpaka linatokea tuta la duara, nayo yanaoza humo ndani na kuwa mbolea. Yeye alirundika udongo kwanza, kisha akaweka majani juu, kama anafunika chungu. Siku ya kwanza nilifumba macho. Siku ya pili niligeukia ukutani. Siku ya nne hasira zikanishinda, nikatoka na blanketi mabegani, nywele timutimu, miguu mitupu.

"Shikamoo mwalimu. Siyo hivyo! Majani chini, udongo juu!"

"Marahaba. Sasa mimi ningejuaje? Nionyeshe."

Nilimwonyesha matuta mawili, nikachoka, nikakaa chini nikalia. Hakuniuliza nalia nini. Alipiga tuta la tatu, likapinda vibaya, nikacheka huku makamasi yananitoka. Mpaka leo sijui kama kweli hakujua kulima. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote alijibu kwamba kwao wanapanda minazi.

Jioni ile nilimsikia akizungumza na mama jikoni.

"Mama, huyu si mvivu wala hakurogwa. Huzuni nayo ni ugonjwa. Hata mimi ulinipata nikiwa na umri wake. Usimwambie ajikaze. Muulize tu leo yukoje, halafu umsikilize."

Shuleni alinipangia nianze kwa nusu siku, dawati la karibu na mlango, na ruhusa ya kutoka bila kujieleza. Mwalimu mkuu alinung'unika, lakini jina langu likabaki. Wenzangu walinicheka siku moja tu, kisha mmoja wao akaja na viatu vipya vinavyolia, wakanisahau.

Sikupona kwa mkupuo. Asubuhi moja ya baridi kali nilishindwa tena kuamka. Mama akasimama mlangoni, ndoo kichwani.

"Leo ukoje?"

"Vibaya, mama."

Nilingoja kelele. Mama yangu alikuwa mtu wa kula amesimama, sijawahi kumwona amekaa kabla ya saa sita mchana. Alitua ndoo, akaketi kitandani kwangu, akanishika mguu juu ya blanketi. Tulisikia harufu ya uji ukiungua jikoni. Mama hakuinuka.