Kengele ya Nyuma

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, siku ya Jumatatu, nilimpoteza bwana yangu njiani, kati ya nyumba yetu ya Majengo, hapa Goma, na ziwa. Nasema nilimpoteza kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakufia mikononi mwangu. Tulitoka nyumbani pamoja, nikafika bila yeye.

Kazi yake ilikuwa kukodisha baiskeli. Alianza na mbili kuukuu alizonunua ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, akazivunjavunja zote mbele ya mlango wetu na kuziunganisha upya, mpaka majirani wakawa wanamuuliza kama baiskeli zake zina ugonjwa gani. Zilipoongezeka alipata ruhusa ya kuziegesha kwenye ukuta wa kiwanja kimoja kando ya barabara ya ziwa. Kila moja aliipaka rangi ya kijani kwenye kile kibati cha nyuma kinachozuia matope, ili hata ikiwa mbali aijue kuwa ni yake. Alisema ni kijani cha Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani nje ya mji. Mimi niliona ni kijani cha mlango, maana rangi yenyewe ilibaki tulipopaka mlango.

Wateja walikuja zaidi siku ya Mungu, baada ya misa ya pili. Wanafunzi, wachumba, wafanyakazi wa maofisi, wageni waliotoka Kinshasa kwa ndege wakiwa wamesikia habari za ziwa letu. Safari ya kawaida ilikuwa kwenda Lac Vert na kurudi. Mimi nilitangulia kwa pikipiki na karai langu, nikawa nakaanga sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, pale juu, na waliofika wakitweta walikula kwanza ndipo wakaangalia maji. Nakumbuka papa mmoja mnene, karani kutoka Bukavu, alifika akiisukuma kwa mkono baiskeli yake, kinga kama wengi huku wanavyoiita.

"Papa," alimwambia bwana yangu, "kinga hii inanichukia."

"Hapana, papa. Haijakuzoea tu."

"Itanizoea lini?"

"Wakati wa kushuka."

Watu wakacheka, na papa akala sambaza za watu wawili.

Bwana yangu hakutangulia hata siku moja. Viongozi wengine wa matembezi hukaa mbele, wanaonyesha njia. Yeye alikaa nyuma ya wote, na pompi ya kupuliza tairi ameifunga kwenye fremu kwa kipande cha mpira. Alisema njia kila mtu anaiona, lakini aliyeanguka nyuma haonwi na mtu. Na wa mbele aliwakataza kugeuka. Barabara zetu ni za mawe ya volkano, ukigeuza shingo kidogo tu gurudumu linaingia kati ya mawe mawili na unaacha meno pale. Basi badala ya kugeuka, walimsikiliza. Kila baada ya mwendo fulani aligonga kengele mara moja. Maana yake: tupo wote, endeleeni. Akisimama kumsaidia mtu, aliigonga mfululizo, na wa mbele walisimama. Wasipoisikia kabisa, walisimama pia. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, aliisema kabla ya kila safari, hata kwa watu aliokwisha kuwaambia.

Waliokuwa na likizo ndefu aliwapeleka Idjwi. Baiskeli zilipangwa kwenye boti, zikafungwa kamba, na kule kisiwani walizunguka kando ya ziwa, wakilala kwa watu, wakila mananasi mpaka midomo inawasha. Mara moja nilikwenda nao. Binti zetu wawili niliwaacha kwa mama yangu mdogo, ambaye nyumba yake iko karibu na ziwa. Nilikuwa sijui sana kuendesha. Niliwekwa mwisho wa kundi, na yeye nyuma yangu. Kulikuwa na mteremko mmoja, mashamba ya kahawa huku na ziwa huku, na mimi nikashika breki kwa mikono yote miwili mpaka ikalia.

"Mama, acha iende."

"Nitaanguka!"

"Utaanguka mbele yangu. Nitakuokota."

Niliiacha. Upepo uliingia kwenye kitenge, nikawa napiga kelele kama mtoto, na nyuma yangu kengele ikawa inagongwa mara moja, mara moja. Sikugeuka. Siku ile nilijua kuwa naweza kwenda popote bila kugeuka.

Kisha vita vikasogea. Kwanza hatukuweza tena kupita Sake, mji wa jirani. Halafu pale nilipokaanga sambaza, Lac Vert, pakajaa vibanda vya turubai, watu waliotoka Masisi na kwingine, wamelala juu ya mawe. Hakukuwa na wateja wa kutembea. Baiskeli zikawa zinakodishwa na watu wa kubeba madumu ya maji na magunia ya makala ya kupikia. Yeye aliendelea kwenda Lac Vert, sasa na pompi peke yake, maana wakimbizi wengi walikuwa wamefika na baiskeli zenye tairi zilizokwisha. Aliwapulizia bure.

Nilimgombeza. "Pompi hiyo itakufa, na hatuna nyingine."

"Upepo ni wa Mungu, mama. Yetu ni pompi tu."

Pompi yenyewe ilikuwa kuukuu. Mpini wake ulivunjika zamani, akauchongea mwingine wa mti wa avoka na kuupaka mstari wa kijani. Ile ngozi ya ndani ilipokauka aliitia mawese, kwa hiyo ilinuka kama jiko.

Usiku wa kuamkia ile Jumatatu mabomu yalianguka karibu na kwetu. Nyumba ya tatu kutoka yetu ilipoteza paa. Asubuhi tuliamua kushuka kwa mama mdogo. Bwana yangu alifunga godoro na sufuria kwenye baiskeli, nikamweka mtoto mdogo mgongoni, na yule mkubwa akashika pembe ya kitenge changu. Barabara ilikuwa imejaa watu, wengine wakishuka kama sisi, wengine wakitoka upande wa Sake, wamechoka, na mbuzi, na wazee kwenye mikokoteni.

"Nyinyi mbele," alisema. "Usigeuke, mama. Batu ni bengi, utaangusha mutoto. Sikiliza kengele."

"Usikawie."

"Nitakawia wapi? Godoro ni yangu pia."

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alikuwa akitabasamu kidogo, kwa sababu ya godoro.

Tulikwenda. Nilisikia kengele tulipotoka kwenye kona ya kwanza. Nikaisikia tena baadaye. Tulipokaribia ukuta wa kambi ya askari ya Katindo risasi zilianza, karibu sana, watu wakainama wote pamoja, kisha wakakimbia wote pamoja. Nilimshika mkubwa kwa mkono. Sikusikia chochote isipokuwa viatu na vilio. Nikataka kusimama, kama ilivyo sheria. Ndipo nyuma yangu kengele ikagongwa, mara moja. Nikasema asante Mungu, nikaendelea.

Ilinifuata hivyo mpaka chini. Kwenye lango la mama mdogo niliisikia mgongoni kabisa. "Tumefika, papa," nikasema, ndipo nikageuka.

Alikuwa mtu nisiyemjua, na baiskeli yenye madumu ya maziwa. Alikuwa anataka kupita.

"Mama, pisha njia," alisema. "Nimekugongea tangu kule juu."

Nilisimama kwenye lango lile mpaka mama mdogo akaja kunivuta kwa nguvu. Siku zile hakuna aliyeweza kutoka. Palipotulia nilikwenda hospitali, nikaangalia vitandani, nikaangalia kwenye korido. Nilikwenda mahali walipolaza maiti. Walikuwa wengi, na wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa pamoja bila mtu kujua majina yao. Sitaandika nilichokiona huko. Yeye sikumwona. Nilipita pale Katindo tena na tena, nikiangalia chini. Kulikuwa na viatu, ndoo, vitambaa. Baiskeli haikuwepo, wala godoro.

Kaka yake mkubwa, aliyeko Butembo, alinipigia simu. Njia ilikuwa imefungwa, yeye na wazazi wao hawakuweza kuja.

"Shemeji, tuweke matanga. Muzee hali chakula. Mama anauliza kila siku."

"Anauliza nini?"

"Kama mutoto wake amekufa."

"Mwambie sijui."

"Shemeji, weye mwenyewe unajua."

"Hakuna mtu aliyemwona," nikamwambia. "Kukiwa na mtu aliyemwona, aje aniambie. Mimi siwezi kumlilia mtu ambaye labda amekaa mahali anatengeneza tairi."

Alikasirika, lakini hakunilazimisha. Kila alipopiga aliuliza, na kila alipouliza nilijibu vilevile. Kwenye misa padri aliposoma majina ya marehemu, la kwake halikuwemo, kwa sababu nilikuwa sijalitoa. Wamama wa jumuiya yetu walianza kuniangalia kwa namna fulani. Mmoja aliniambia, si kwa ubaya, kuwa mtu asiyewekewa matanga hapumziki. Nikamjibu kuwa mimi pia sipumziki, kwa hiyo tuko wote wawili.

Baiskeli zilizokuwa kwenye ukuta zilichukuliwa zote isipokuwa chache ambazo mlinzi wa kiwanja alizificha kwenye choo kisichotumika. Nilizisafisha, nikakaa pale pale alipokaa yeye. Watoto wanakula kila siku. Nilidhani hakuna atakayekuja, lakini walikuja, vijana wawili wawili, siku ya Mungu, wakitaka tu kwenda kando ya maji na kurudi. Sikuwalaumu. Niliwaambia sheria ya kengele, na mtu wa kukaa nyuma walichagua wenyewe.

Mwezi wa nane, katikati ya juma, alikuja mama mmoja, na mtoto mgongoni. Alisimama ng'ambo ya barabara muda mrefu, akiangalia vibati vya kijani. Kisha akavuka.

"Bonjour, mama. Mwenye kinga hizi iko wapi?"

"Ni mimi."

"Si mwanamume?"

Alifungua kitenge alichokunja kwenye kikapu na kutoa pompi. Aliishika kwa mikono miwili kunipa, kama mtu anayetoa kitu kwa mkwe. Nilinusa mawese kabla sijaugusa ule mpini.

Nilimpa kigoda. Alikaa, akamshusha mtoto na kumnyonyesha, na ndipo akasema. Alikuwa mmoja wa wale wa Lac Vert. Siku ile alikuwa akikimbilia mjini na baiskeli ya kaka yake, amefungia kila kitu alichokuwa nacho, na kabla ya kufika ukuta wa Katindo tairi likaisha upepo. Watu wakawa wanamkanyaga.

"Papa mmoja alikuja na godoro kwa kinga. Akaweka kinga yake upande, akanipulizia. Nikamwambia, papa, batu benu bako wapi? Akasema bako mbele, batasimama bakikosa kengele, banajua sheria."

Nilimwomba aendelee.

"Tairi halikushika vizuri. Akanipa pompi. Akasema, beba, ukiona linalegea puliza tena, utanirudishia kule mbele. Enda, usigeuke, mimi niko nyuma yako. Nikaenda. Alikuwa ananigongea kengele."

"Mara moja?"

"Mara moja, mara moja. Kisha risasi. Kisha kengele hakuna."

"Ukageuka?"

Mtoto aliacha titi akaanza kulia, naye akamrudisha.

"Niligeuka, mama. Kinga ilikuwa chini. Yeye pia alikuwa chini, uso kwa mawe, na godoro juu ya miguu. Nilimwita. Hakutikisika. Damu ilikuwa imeingia kwa godoro. Nilikuwa na huyu mugongoni. Sikurudi."

Alisema hivyo akiniangalia machoni. Alisema baada ya siku ile alirudishwa kwao Masisi, ameishi huko, na kila mtu anayekwenda Goma alimuuliza kama amewahi kuona baiskeli zenye kijani nyuma. Wiki ile dereva mmoja wa lori alimwambia zipo kando ya ziwa.

Nilimuuliza kama papa yule alivaa koti la bluu. Akasema ndiyo, lililoshonwa begani. Mimi ndiye niliyelishona.

Nilimletea chai na mkate, akanywa chai, mkate akaufunga kwa ajili ya njiani. Alipotaka kuondoka aliniuliza kama nimemkasirikia. Nilimwambia hapana, na ilikuwa kweli. Nilimwambia aondoke na hiyo pompi kama baiskeli ya kaka yake bado ipo. Akasema baiskeli iliibwa zamani.

Binti zangu walirudi kutoka kwa mama mdogo wakakuta nimekaa chini na pompi mapajani. Mkubwa aliitambua. Alikaa karibu yangu, na mdogo akakaa kwa sababu dada yake amekaa.

Jioni nilimpigia shemeji yangu Butembo.

"Wekeni matanga," nikamwambia.

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, na mlango ukifungwa.

"Nani alimwona?"

Nilianza kumweleza habari za yule mama na tairi, na mtandao ukakatika. Nikampigia tena.