Kilo Tisa za Mwanangu

Katika mji wetu, ukitaka kujua ndege inachukua muda gani kufika mji wa pili, humuulizi rubani. Unamuuliza mama mmoja tunayemwita Mizani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. "Dakika hamsini," atakujibu bila kuinua macho, "upepo ukiwa wa mbele, ongeza saba." Barabara nayo ni kilomita mia nne na kumi, siku mbili kwa lori kama mto haujajaa. Miaka kumi na tisa amewapima abiria na mizigo pale kiwanjani, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda.

Siku aliyokata tiketi, mama yake alikuwa hoi kitandani huko mji wa pili. Nami nilikuwa nasafiri siku hiyo hiyo, nampelekea mume wangu mtoto ambaye alikuwa hajamtia machoni.

Joto lilikuwa kali tangu asubuhi, na siku za joto kijindege kile hubeba pungufu. Mizani alitupima mmoja mmoja. Utaratibu wake ni kwamba mfanyakazi hupimwa mwisho. Mtoto wa mapajani, wengine humwacha tu apite. Yeye alimlaza juu ya mizani, akamgusa shavu, akaandika: kilo tisa.

Kisha akapanda yeye. Akajumlisha. Akaliweka begi lake kando, akavua hata viatu, akajumlisha tena.

"Imezidi ngapi?" rubani akauliza.

"Tisa."

Nikahisi mwanangu amekuwa mzito mikononi.

"Si umfute huyo mtoto, Mizani," rubani akasema. "Nani atajua?"

"Ndege itajua. Mwaka juzi nilimshusha bwana harusi na suti yake kwa kilo sita. Leo nijipitishe mimi?"

"Bwana harusi yule mpaka leo anakushukuru," abiria mmoja akasema, watu wakacheka. Mizani naye alitabasamu, akaanza kuvaa viatu vyake.

Nikamvuta pembeni. "Mama, acha nishuke mimi. Mume wangu hafi kwa kusubiri."

"Tiketi yako ilikatwa kabla ya yangu. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu miaka yote. Panda, mwanangu. Mimi natafuta lori. Ukifika, mpitie mama, mwambie niko njiani."

Kule juu niliitazama barabara muda wote, ilivyopinda na kupotea nyuma ya vilima, halafu ikatokea tena mbali. Tulitua kabla mtoto hajamaliza usingizi wake mmoja.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule bibi, mume wangu nyuma na begi.

"Binti yako yuko njiani."

"Amefika wapi?"

Sikujua hata kama lori limepatikana. "Ameshatoka mjini," nikasema, naye akakubali vijiko viwili vya maji.

Asubuhi akauliza tena. "Yuko darajani, bibi." Jioni nikamwambia amelala kituo cha mafuta. Kila nilipomsogeza binti yake, aliongeza kijiko.

Siku ya tatu Mizani akaingia, vumbi mpaka kwenye kope. Akapiga magoti, akalaza kichwa ukingoni mwa kitanda. Mama yake akaanza kumpangusa nywele kwa vidole, polepole, hadi binti akapitiwa na usingizi pale pale alipo. Mwanangu alipoanza kulia, bibi akaweka kidole mdomoni, akatuonyesha mlango.