Vidonge Viwili na Mkeka wa Futari

Mi ni mutu wa maneno mengi, na tangu mume wangu afariki, maneno hayo hayana pa kwenda. Watoto wako ng'ambo. Hapa Cibitoke nina mwezi mmoja tu wa kula na watu, Ramadhani, jirani yangu anapotandika mkeka uani na kuniita kila magharibi.

Mwaka huu daktari alinikataza kufunga kwa sababu ya sukari. Nikamwitikia vizuri, kisha nikafunga. Ningekaaje na watu waliofunga ilhali mimi nimekunywa chai saa nne? Aibu hiyo ningeiweka wapi? Kidonge cha sukari nikawa nakimeza na daku, nikajiona mjanja kweli.

Baadaye mkojo ukaanza kuniunguza. Farmasi wakanipa antibiotiki. Muuzaji hakuniuliza kama nina dawa nyingine, nami sikusema. Nyuma yangu walipanga foleni wanaume tupu, na kwetu mwanamke haongei habari za mkojo mbele yao. Nikachukua vidonge nikaondoka haraka, nikawa nameza vyote pamoja alfajiri.

Adhuhuri moja nilikuwa nachagua maharage. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanilowesha. Nikataka kuita, nikakosa wa kumwita, nikaanguka. Jirani alikuja kuazima kinu, ndipo akanikuta.

Hospitali daktari alinikaripia kwa upole.

“Mama, izi dawa mbili haziendi pamoja. Hii ya mukojo inafanya ile ya sukari ikawie mu mwili, inashusha sukari kupita kiasi. Na we ulikuwa na njaa. Ungekufa. Juu ya nini haukusema?”

“Nyumbani kwangu sisemi na mutu, dokta. Nimekwisha kuzoea.”

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeamua: sifungi tena, lakini mkekani nitakwenda, aibu na ife. Nikaoga, nikavaa kitenge changu kizuri, nikakaa kungoja kuitwa.

Adhana ilipokwisha, jirani akaja na sahani imejaa sambusa na tende.

“Dada, usijisumbue na kutoka. We ni mugonjwa, pumzika. Kila siku tutakuletea hapa hapa.”

Alikuwa anamaanisha wema, nami nikamshukuru. Nikafunga mlango. Nikawasikia wakicheka uani, nikala nikiwa na kitenge changu, huku nalia.