Maji Yaliyosemwa Yanapwa

Shemeji yangu alipoacha kubishana nami, hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Tulikuwa tukifanya kazi pamoja katika chumba cha uani nyumbani kwa mama, Kibiti. Kazi yetu ni kutengeneza tovuti, hasa ule upande ambao mtu anauona akifungua simu yake: maandishi, vitufe, rangi, picha. Mimi niliisomea Dar na kuifanya huko kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi kumuuguza mama. Yeye ni mume wa mdogo wangu, mtu wa Ikwiriri, fundi simu aliyejifundisha mwenyewe mpaka akawa bora kuliko wengi niliosoma nao. Tuliketi kila mmoja na meza yake, tumepeana migongo, na tulibishana kutwa nzima.

Mimi ni mtu wa vitu vyepesi. Naamini ukurasa uandikwe kwa mkono, uwe mfupi, ufunguke hata kwenye simu iliyopasuka kioo na mtandao wa kuvizia. Sijawahi kuupenda mtindo wa kubeba msimbo wa kompyuta ulioandikwa na watu wengine na kuushindilia kwenye ukurasa ambao kazi yake ni kuonyesha mistari mitatu. Unavuta kipande kimoja, nacho kinavuta ndugu zake, ndugu zake wanavuta jamaa zao, na mwisho una ukurasa mzito kama gunia la mpunga mbichi na humjui hata mmoja wa walioufuma. Shemeji aliniona mshamba.

"Shem, watu wanataka kitu kinachovutia," alikuwa akisema. "Wewe unawapa karatasi ya ubao wa matangazo."

"Karatasi ya ubao wa matangazo haigomi kufunguka."

"Wala haina anayeitazama."

Tulibishana hivyo, tukanywa chai, tukaendelea. Nilikuwa nafurahia.

Mdogo wangu ni mwalimu, na alipangiwa shule ya deltani, mto unapomwagika baharini. Sisi ni Wamatumbi. Wazee wetu walishuka kutoka milimani na mihogo yao na ufuta wao, na maji tunayoyajua ni ya mtungini. Kule deltani maji ndiyo njia. Yakipwa, unavuka hori, ule mkono wa maji, kwa miguu, matope yanakufika kwenye vifundo. Yakijaa, pale pale ulipopita asubuhi panataka mtumbwi. Na saa zake zinasogea kila siku. Wenyeji hawana haja ya kuambiwa, lakini walimu na wauguzi waliotoka bara walikuwa wakiulizana wao kwa wao na kupotoshana. Basi mradi mmoja uliokuwa ukiwasaidia watumishi hao ukatuomba ukurasa wa kuonyesha maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, kijiji kwa kijiji.

Ule wa kwanza niliuandika mimi. Taarifa za maji zilitoka kwenye seva ya nje, nazo zilikuja kwa saa za kizungu. Nikaandika mstari wa kuzirudisha nyuma kwa saa sita ziwe saa zetu, ili mwalimu akisoma "saa kumi jioni" iwe ndiyo saa kumi anayoijua. Kando ya mstari huo niliweka maelezo kwa Kiswahili. Ukurasa wenyewe haukuwa na sura. Maandishi meusi juu ya weupe. Mdogo wangu alisema unafanana na tangazo la msiba. Lakini aliutumia kila siku, na haukuwahi kumdanganya.

Halafu shemeji akaanza kutumia akili mnemba.

Sitaki kusema kwamba mimi sikuijaribu. Niliijaribu, na ilinishangaza. Unaiandikia unachotaka kwa Kiswahili cha kawaida, inakuletea ukurasa mzima kabla hujakaa vizuri kitini. Lakini nilisoma kila ilichoniletea, na kila mara nilikuta mahali ambapo ilikuwa imekisia, na imekisia kwa sauti ile ile ya kujiamini iliyoitumia mahali ilipopatia. Mtu akikisia utamwona, atasita, atajikuna kichwa. Ile haisiti. Nikaiweka pembeni.

Shemeji hakuiweka pembeni. Nilianza kuligundua jambo hilo kwa masikio. Zamani nilisikia vidole vyake vikigonga vitufe nyuma yangu kama mvua juu ya bati. Sasa kulikuwa na kimya kirefu, kisha mlio mmoja wa kitufe, kisha kimya tena. Maswali aliyokuwa akiniuliza mimi akawa anaiuliza yenyewe. Nikisema jambo hili lifanywe hivi, ananijibu kwa upole, "Sawa, shem," na kugeukia kioo chake. Siku moja nikamsikia akisema, "Mimi na yeye tumekubaliana tufanye hivi." Nikageuka kutazama kama kuna mgeni. Hakukuwa na mtu.

Siku moja kabla ya mimi na mama kwenda Ngorongo, kwenye arobaini ya baba mkubwa, aliniita mezani kwake. Alikuwa ameujenga upya ukurasa wa maji. Nikiri kwamba ulikuwa mzuri. Kila kijiji kilikuwa na mchoro wa hori, na ndani yake maji ya buluu yanapanda na kushuka polepole, na mshale wa kukuonyesha yanaelekea wapi. Tena ulihifadhiwa ndani ya simu, kwa hiyo hata mtandao ukikatika, mchoro unaendelea.

"Umeusoma msimbo wake?" nikamuuliza.

"Nimeujaribu. Majaribio yote yamepita."

"Majaribio kaandika nani?"

Akacheka kidogo. "Yeye huyo huyo, mashine."

"Basi usiupandishe mtandaoni. Nikirudi tutausoma pamoja."

"Sawa, shem," akasema, kwa upole ule ule.

Ijumaa, tukiwa Ngorongo, khitma imekwisha na wanawake tunaosha masufuria uani, simu yangu ikaita. Alikuwa shemeji. Alianza kwa salamu, akauliza hali ya mama, akauliza kama watu walikuwa wengi. Nikajua kuna jambo, kwa sababu sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mwenzangu hapatikani," akasema hatimaye. "Mwenye nyumba wake kule ng'ambo ya hori kanipigia. Shule imefungwa tangu mchana, na hajavuka."

"Labda kabaki shuleni."

"Hayupo shuleni. Shem, ule ukurasa niliupandisha leo asubuhi. Nilitaka kumfurahisha. Halafu mwenye nyumba ananiambia huko maji makuu ya bamvua yamepamba moto, yamefika kwenye mizizi ya minazi. Mimi natazama hapa naona yanapwa."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu yangu. Aliuweka chini mwiko aliokuwa ameushika, akaanza kusoma dua midomo ikitikisika, na mpaka leo sijui alijuaje.

Yaliyompata mdogo wangu nilisimuliwa naye mwenyewe, baadaye, kwa vipande.

Watoto walikuwa wameondoka mapema kwa sababu ya Ijumaa. Yeye alibaki kusahihisha madaftari, na alipotoka wenzake wote walikuwa wameshavuka. Pale panapovukiwa, maji yalikuwa chini ya magoti. Akatoa simu. Akauona ukurasa mpya, akatabasamu, akajua ni mumewe. Mshale ulitazama chini. Maji yanapwa mpaka saa kumi jioni. Alishangaa kidogo, kwa sababu alidhani asubuhi ndiyo yalikuwa yanapwa, "lakini nikasema mimi ni mtu wa mlimani, najua nini." Akavua viatu, akakunja gauni, akaingia.

Katikati ya hori pana kisiwa cha matope chenye mikoko. Alipofika hapo maji yalikuwa mapajani. Akafikiri ameingia kwenye shimo. Akasimama asubiri yapungue, maana simu ilisema yanapungua. Hilo ndilo jambo ninalolirudia kichwani. Angegeuka saa ile angefika ufukweni. Alisimama na kusubiri kwa sababu aliambiwa asubiri.

Maji yalipofika kiunoni akaanza kuvutwa. Akaushika mkoko, akapanda kwenye mizizi, kutoka mizizi akapanda kwenye tawi. Alipiga kelele mpaka sauti ikamwisha. Kule mamba si hadithi. Wiki chache kabla walikuwa wamechukua mbuzi wa mtu. Kila gogo lililopita lilikuwa na macho.

"Mtandao ulikuwa umekatika," aliniambia, "lakini ule mchoro uliendelea. Nilikuwa nimeinua simu juu ya kichwa nisiilowanishe. Hata pale juu ya tawi, maji yangu yalikuwa yamefika kifuani. Ya kwenye simu yalikuwa yanashuka. Dada, nilianza kuona kama mimi ndiye mwenye makosa."

Wanawake wawili waliokuwa wakirudi na mtumbwi kutoka kukusanya kaa waliona gauni lake jeupe katikati ya majani. Mmoja alidhani ni ndege. Mwenzake akasema ndege gani huyo analia. Wakamtoa, wakamfunika kanga, wakampeleka kwao. Jua lilikuwa bado halijazama pale simu ya mwenye nyumba ilipoingia tena kwa shemeji, na ya shemeji kwangu. Mama akasema alhamdulillah, kisha akalala pale pale kwenye mkeka kama mtu aliyepigwa.

Niliporudi Kibiti nilimkuta shemeji chumbani uani. Alikuwa ametoka kumchukua mkewe, ambaye sasa alikuwa amelala ndani. Nikavuta kiti kando yake, nikafungua msimbo, nikausoma kuanzia juu. Ulikuwa mrefu ajabu, lakini safi, umepangwa vizuri kuliko wangu. Mstari wangu wa kurudisha saa sita ulikuwepo, haukuguswa, na maelezo yangu ya Kiswahili kando yake. Mbali kabisa, ndani ya faili jingine lenye jina la Kiingereza, mashine ilikuwa imeandika kipande chake cha kazi ile ile. Saa zilirudishwa nyuma mara mbili. Na tofauti ya maji kujaa na maji kupwa ni kama saa sita hivi. Ukurasa wote ulikuwa umegeuzwa juu chini, kwa usahihi kabisa, kila kijiji, na majaribio yote yalipita kwa sababu aliyeyaandika alikuwa amekosea vile vile.

"Ngoja niiulize," shemeji akasema.

Nilitaka kumzuia, sikumzuia. Akaiandikia. Jibu lilikuja kabla hajaondoa mkono. Ilimwambia yuko sahihi kabisa, ikaomba radhi kwa usumbufu, ikaeleza kosa lilipo, ikaleta marekebisho. Ilikuwa imepatia.

"Imeomba radhi," akasema.

"Imemwomba nani?"

Akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Sikujua nifanye nini. Ni mume wa mdogo wangu, siwezi kumshika bega. Nikatoka nikamchotea maji ya kunywa, nikayaweka mezani, nikaurudisha ukurasa wangu wa zamani mahali pake.

Mdogo wangu hakumgombeza. Ningependa angemgombeza. Alirudi deltani muhula ulipofunguliwa, akapanga chumba upande wa shule asivuke tena. Anaongea na mumewe kila siku, wanacheka. Lakini nimemwona akiulizwa saa na mtu njiani, simu ipo mkononi, akatazama jua kwanza.

Nilidhani shemeji ataachana na mashine ile. Kwa muda niliisikia tena mvua ya vidole vyake nyuma yangu, na tukabishana mara mbili tatu, nikafurahi. Haikudumu. Wateja walikuwa wameshazoea kupata kazi siku ile ile. Wakimpigia na kuambiwa wasubiri, wanakwenda kwa mwingine asiyewaambia hivyo. Kimya kikarudi.

Mwezi uliopita alipata kazi Dar, kwa watu wanaotengeneza programu za zahanati. Nilimsindikiza stendi. Nikamuuliza programu hizo zinafanya nini hasa.

"Ya kwanza ni ya dozi," akasema. "Muuguzi anaandika uzito wa mtoto, inamwambia ampe kiasi gani."

"Na wewe utaisoma? Yote?"

Kondakta alikuwa akiita watu wapande. Shemeji aliliweka begi lake begani, akanitazama, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetaka kunidanganya lakini ananiheshimu.

"Shem, pale hakuna anayeisoma," akasema. "Ni nyingi mno. Wanaisoma kwa mashine nyingine."

Akapanda. Nilirudi nyumbani, nikakaa mezani kwangu. Kulikuwa na ujumbe wa mteja wa Ikwiriri, mnunuzi wa ufuta, anataka ukurasa na anautaka kesho. Mama aliita kutoka ndani kuniuliza kama kijana amesafiri salama. Nikamjibu ndiyo. Kisha nikaifungua ile mashine, nikaiandikia ninachotaka, nikainua mikono kutoka kwenye vitufe, nikasubiri.