Mke Halali wa Mwenye Nyumba

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, kwa sababu alishona mapazia, na pia kwa sababu hakuna dirisha lililomshinda kuchungulia. Wivu alizaliwa nao. Mumewe alipokuwa akiuza vigae, yeye alimjua kila mwanamke aliyekuja dukani kuchagua vya bafuni, na aliyerudi mara ya pili alimtia alama.

Basi mume akahamia kwa mwanamke mwenye duka la manukato. Hapo wivu ukapata kazi ya kudumu.

Wakili, mama mpole, alimweleza taratibu. Nyumba iliandikwa majina ya wote wawili. Mume alikuwa tayari kumwachia nusu yake, mradi wamalize talaka mahakamani. "Lakini duka lake limekalia kuti kavu, mama. Wanaomdai wakitutangulia mahakamani afilisiwe, nusu hiyo ni yao, na nyumba itauzwa. Tia sahihi leo."

"Nikitia sahihi, yule Manukato ataolewa?"

"Akitaka."

"Basi acha nifikirie."

Dada yake, mwenye ulimi usio na breki, alimfuata hadi kwenye cherehani. "Mdogo wangu, mume ameshakwenda. Kilichobaki ni paa. Wanao watalala wapi, ndani ya wivu wako?"

Mama Pazia alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie, lakini alisikia. Aliahidi kwenda kwa wakili kesho yake.

Kesho yake akapitia kazini kwanza. Msichana wa kazi wa nyumba moja alikuwa amempigia simu aje kupima dirisha la chumba cha bosi wake. Alipoingia, akaona chupa za manukato zimejaa mezani, na kitini shati la bluu lenye kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Alikishona mwenyewe, siku uzi wa bluu ulipomwishia.

Kifungo chake, kwenye kiti cha yule! Moyo ulimwaka. Alipima dirisha, akapokea malipo ya awali bila haya, akarudi nyumbani moja kwa moja. Wakili akamsahau kusudi. Mapazia aliyashona mafupi, jua liwapige usoni kila asubuhi. Na cheo cha mke halali angekishikilia mpaka kaburini. Yule asingeitwa bibi harusi kamwe.

Wakili alipiga simu, akapiga tena. Dada alibembeleza mpaka akalia. Mama Pazia alikuwa akicheka peke yake, akiwaza yale mapazia.

Waliomdai mumewe hawakuwa na wivu, walikuwa na haraka. Walikwenda mahakamani, na mume akatangazwa muflisi.

"Haya, nipe nitie sahihi," Mama Pazia alimwambia wakili, akiitafuta kalamu mezani.

"Sahihi ya nini tena, mama? Nusu ile si yake kukupa."

Mthamini wa nyumba alikuja mchana. Alipima sebule, akapima chumba cha watoto, nao wakasogea ukutani kumpisha. Hapo ndipo geti lilipofunguliwa. Mume aliingia na begi mkononi na furushi kwapani.

"Amenifukuza," alisema. "Aliposikia nimefilisika hakutaka hata kuniona. Anasema na mapazia haya nimrudishie aliyeyashona. Nilijua tu ni mkono wako. Ni mafupi."

Dada, aliyekuwa mlangoni, aligeuza uso.

Mthamini aliinua kichwa. "Samahani mama, niandike vizuri. Wewe ni nani kwa huyu mwenye nyumba?"

Mama Pazia alitazama shati la bluu alilovaa mumewe, na kile kifungo chenye uzi wa kijani. Alikuwa amemshinda Manukato kabisa.

"Mke wake," alisema. "Mke wake halali."